Bima Isiyonijua na Shemeji Anayenijua Mno

Bibi mshauri, shikamoo. Nakuandikia fomu mbili zikiwa mezani na unga ukiwa vidoleni, unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo bima ya gari langu inaisha na Jumamosi nina keki ya harusi ya ghorofa nne ya kupeleka. Mimi ni mwoka keki, na ndani ya miaka miwili nimegonga mara nne, zote Jumamosi, si kwamba sijui kuendesha, siku nyingine naendesha vizuri kabisa, ila keki ikiwa kiti cha nyuma nikisikia imeyumba kidogo tu shingo inageuka yenyewe kuitazama, na ndivyo nilivyogonga geti la shemeji yangu, nguzo ya taa, gari la bwana harusi mwenyewe, na mwezi wa tatu nikamwangusha fundi mwashi aliyekuwa kwenye baiskeli yake, akavunjika bega.

Sasa shemeji huyo mwenye geti ndiye wakala wa kampuni ndogo ya bima ya hapa mjini kwetu, ofisi yao iko juu ya duka la dawa, na ndio walionikatia bima mpaka leo, na kweli fundi alilipwa upesi kwa sababu shemeji mwenyewe alikwenda hospitali kumwona, lakini mwaka huu ameipandisha bei karibu mara mbili na bado akaniambia mbele ya mume wangu, "Shemeji, wewe si mteja, wewe ni msiba wenye magurudumu." Niliumia sana, Bibi. Kampuni kubwa, ile yenye matawi nchi nzima, hawanijui, wakiongea kwenye simu wana adabu, na bei yao ni nafuu kwa dereva ambaye hajapata ajali miaka mitatu. Fomu yao inauliza hilo. Mume wangu akasema gari tuliandikishe kwa jina la mama yake na fomu tumjazie yeye kama ndiye dereva, kwa kuwa hajawahi kugonga chochote, na si uongo, hajawahi kuendesha chochote. Tukamwomba, akakubali kwa machozi, kumbe ameelewa tumempa gari zawadi, ameshawatangazia majirani na jana kaja na vitambaa vya viti alivyofuma mwenyewe.

Nichague ipi, Bibi, kampuni kubwa isiyonijua au shemeji anayenitukana?

Mwoka Keki

JIBU LA BIBI

Marahaba. Osha mikono kwanza, barua yako imenigandia vidoleni.

Mimi niliishia darasa la tatu, fomu nasomewa na binti yangu. Lakini nimelala kitanda kimoja na dereva wa lori miaka thelathini na minane, na bima naijua kuliko wewe mwenye kalamu. Siku ya kukukatia hawakuchunguzi, wanakuchekea. Siku ya kudai ndipo miwani inavaliwa. Watamwita mama mkwe wako: "Mama, hebu tueleze ulivyomgonga huyu mtu." Naye, maskini ya Mungu, atawajibu alikuwa jikoni anamenya viazi. Hapo hulipiwi hata kioo, na aliyeumia atabaki kukutazama wewe.

Unalalamika neno la shemeji limekuumiza. Pole. Fundi naye aliumia bega, na katika barua yote hiyo ndefu hukuniambia kama amerudi kazini. Vitambaa vya viti umenieleza.

Kampuni kubwa si dhambi. Huenda wakakuchukua na ajali zako zote nne, wana wateja wengi wa kuugawana mzigo wako. Na ndogo si malaika. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, sawa, lakini zimwi lenyewe lina mfuko? Muulize shemeji, bila kununa, kampuni yake ina kibali cha mwaka huu? Mtu akiumia zaidi ya yule fundi, wanaweza kulipa? Nao wenye adabu ya simu waulize, mtu akiwa kitandani hospitali, nani atakwenda, na baada ya siku ngapi? Swali la bei liwe la mwisho, wewe umelifanya la kwanza.

Fomu zote mbili zijaze kwa jina lako, na ajali nne ziwe nne, usiandike tatu na nusu. Atakayekubali kukubeba ukiwa hivyo ulivyo na akajibu vizuri, huyo mchukue, hata akikutukana. Matusi ya shemeji hayavunji mfupa.

Kwa mama mkwe nenda leo hii, wewe na mumeo, mkamwambie ukweli uso kwa uso. Mlimpumbaza mtu mzima akalia kwa furaha. Kama mna haya, mumeo awe anampeleka sokoni kwa gari hilo kila wiki, na vitambaa vyake vikae vitini.

Jumamosi tafuta dereva mwingine. Wewe na keki hamwezi kukaa gari moja ukiwa umeshika usukani, ni kama mlevi na ufunguo wa baa.

Na kampuni zote mbili zikikukataa, funga gari uani na uwaambie wateja waje kuchukua keki nyumbani. Kwa namna hiyo watakuwa bado na miguu ya kuja nayo.