Neno la Kumchinja Bihogo

Heru Juu,
Kasulu, Kigoma.
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Claude,

Shikamoo sana. Kifua chako kinaendeleaje, vumbi la machimboni limekuachia upumue? Unakula vizuri? Anakupikia nani huko Chunya? Mama amesisitiza nikuulize hayo yote kabla sijaanza mengine, maana anaujua mdomo wangu.

Sisi huku miili ni mizima. Bibi Uwimana, mama yako, macho yake yamezidi kufifia, lakini masikio, mh! Ukifunua sufuria jikoni yeye yuko uani anakuuliza mbona umeonja. Anakuombea kila asubuhi kwa jina, tena kwa sauti, majirani wote wanasikia.

Mvua zimekuja mapema mwaka huu. Maharage tumeshapanda, mahindi yamefika magotini, na migomba ya kule nyuma ya nyumba ungeiona usingeamini kuwa ni ileile iliyokuwa imekonda. Ni samadi ya ng'ombe wetu Bihogo hiyo.

Sasa nikugombeze kidogo. Namba yako tangu Julai haipatikani. Ile nyingine uliyotuachia anapokea mwanamke mkali anayesema hamjui Claude yeyote na tusimsumbue. Mtu mzima una mama, una dada, una wapwa, unapoteaje hivyo? Barua hii nampelekea Nurudini mwenye duka pale Kasulu mjini, yeye ana ndugu yake anayefanya biashara Makongolosi. Amesema ataituma kwa basi, na huyo ndugu yake atauliza machimbo kwa machimbo mpaka akupate. Siku ngapi, hajui.

Mjomba, Bihogo amevunjika mguu. Nimeliandika upesi kwa sababu nimeshachana karatasi mbili kabla ya hii nikitafuta namna nzuri ya kulisema, na namna nzuri haipo.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimechimba shimo jipya la kulowekea mihogo kule bondeni, la kufika kiunoni, kwa sababu lile la zamani lilikuwa linavuja. Nikajaza maji, nikatia mihogo yangu, nikafunika. Siku zote tunafunika kwa majani makavu ya migomba, wewe mwenyewe umekula ugali wa mashimo hayo. Lakini makavu yote nilikuwa nimeyatandaza shambani kuzuia magugu. Nikakata nyasi mbichi, nzuri, laini, nikaziweka juu ya fito. Nikajisifu kabisa, nikasema leo nimefunika kama kitanda.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu Baba akamteremsha Bihogo mtoni. Ng'ombe akaona majani mabichi, atafanya nini? Akaenda. Fito zikakatika, akaingia kwa miguu ya nyuma. Wanaume tisa walimtoa kwa kamba. Paja la nyuma limevunjika, mfupa unaonekana umesogea chini ya ngozi. Sijaweza kulala upande wowote tangu siku hiyo. Majuto ni mjukuu, huwa nasikia watu wakisema, nami nilikuwa naona ni maneno tu.

Bwana mifugo wa kata yetu, kijana anaitwa Saady, alikuja siku hiyohiyo kwa bodaboda. Akampapasa, kisha akatuambia ukweli: ng'ombe mkubwa hafungwi paja likaunga. Achinjwe angali na nguvu, nyama ifae watu. Mwenye bucha wa sokoni akakubali kumchukua, na badala yake atupe mtamba mdogo mwekundu alionao kwake. Angekuja na kisu Jumanne asubuhi.

Baba akakataa. Wewe unajua sababu kuliko mimi. Bihogo si ng'ombe wa kununua, ni ng'ombe wa kugabiwa. Marehemu Babu Niyonsaba, baba yako, alimtoa kwa mkono wake, akampa Baba kamba mbele ya watu, ili nyumba hizi mbili zisisahauliane. Na ng'ombe wa namna hiyo hachinjwi wala hauzwi bila neno la aliyemtoa. Babu hayupo, neno limebaki kwako. Tena Baba ana deni la heshima: ndama jike wa kwanza alikuwa arudi kwenu, na Bihogo ametuzalia madume mawili tu. Kwa hiyo Baba anasema hawezi kula ng'ombe wa watu ambaye hajamlipia hata shukrani.

Tulimwendea Bibi. Nilidhani yeye ataweza kulisema hilo neno, ni mke wa marehemu. Akalia kwanza, kisha akasema neno la ng'ombe si lake, ni la mwanawe, na kama mwanawe yuko hai basi yeye hawezi kulichukua. Wazee wa ukoo nao wakasema vivyo hivyo. Yoo! Watu wote wanamwonea Bihogo huruma, na kila mtu amefungwa mikono na kitu kilekile.

Nikafanya jambo la aibu, na ni bora ulisikie kwangu. Jana mchana nilitoka nje na simu, nikaongea peke yangu kwa sauti nyuma ya zizi, "Ndiyo Mjomba, sawa Mjomba." Nikarudi nikamwambia Baba umepatikana, umeruhusu. Uso wake ukafunguka, Mjomba, sijauona hivyo tangu Jumatatu. Akanyoosha mkono akasema, "Nipe basi nimsalimie." Nikasema imekata. Akauliza, "Na mimi je, alinisalimu kwa maneno gani?" Nikajitia kuifuta simu kwa kanga. Akaurudisha mkono wake taratibu, akaenda kumkatia Bihogo majani. Hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Baba anashinda zizini. Anamnywesha kwa ndoo, anamgeuza upande huu na huu kwa msaada wa majirani ili asipate vidonda, anamfukuzia nzi kwa kitawi. Chakula tukimpelekea anagusa tu. Anasema haraka haraka haina baraka, Claude atapatikana. Mimi namjibu moyoni, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tangu jana Bihogo amekataa majani na tumbo limeanza kujaa. Saady amekuja tena leo, akanivuta pembeni, akasema Bihogo hatafika Jumapili, na bucha haitamchukua tena akiwa hivi.

Asubuhi kina mama wawili walikuja na mabeseni kama kawaida, kuomba kinyesi cha kukandikia sakafu. Walipomwona alivyolala wakarudi bila kuomba. Maziwa ya Bibi ya asubuhi ndiyo yameisha hivyo. Migomba nitaitilia nini mwakani, sijui.

Kwa hiyo Mjomba, najua neno lako litafika wakati hakuna tena ng'ombe wa kuchinja. Hata hivyo liandike. Tafadhali sana, liandike kwa mkono wako, useme umeruhusu, useme ungeruhusu siku ileile. Halitamsaidia Bihogo. Nataka Baba alisikie nikimsomea, ale chakula, na asife akijiona mtu aliyepoteza ng'ombe wa wakwe zake.

Mama anakusalimu, anasema hata kama huna kitu mkononi rudi tu, nyumba yenu haina mlango wa kulipia. Bibi Uwimana anakuwekea mkono wa baraka kichwani. Dada yangu Deborah na watoto wake wanakuamkia, na yule mdogo anauliza kama kweli unaishi chini ya ardhi. Utusalimie na yeyote anayekutunza huko.

Mungu akufunike na mawe yasikuangukie, na siku utakayotoka shimoni utoke kwa miguu yako mwenyewe.

Mimi mpwa wako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Prudence

Nyongeza: Baba ameniona nakunja karatasi, akaniambia niifungue niandike maneno yake kama anavyoyatamka. Haya hapa: "Shemeji yangu Claude, shimo lile nililichimba mimi, na nyasi niliziweka mimi. Ukikasirika, unikasirikie mimi." Unajua hajui kusoma. Alisimama hapa mpaka nikamaliza kuandika, akauliza kama nimeyaweka yote. Nikamwambia yote. Mjomba, utakapomjibu, mjibu kana kwamba ni yeye aliyelichimba, umsamehe yeye.