Lensi ya Darini kwa Haji Lekbir

Azemmour, 6 Machi 2022

Kwa Ghizlane,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, Mola ashukuriwe, isipokuwa goti la mama yako ambalo hukumbuka kuuma kila nikimwomba chai. Nawe natumai hujambo, na huyo farasi wako pia, maana nasikia siku hizi ndiye unayeishi naye.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Usitafute neno la siri humu ndani. Simu yako bado sishiki, na yale niliyoyasema siku uliyotoka hapa na bunduki yako ya baruti sijayafuta. Nakuandikia kwa shughuli tu. Nduguyo Abdelilah ameniletea kamera kutoka Bordeaux, ya fremu kamili, mashine ya maana kweli. Lakini lensi iliyokuja nayo ni fupi, ya kupigia maharusi waliokaa sofani. Maharusi nimewapiga miaka yangu yote ya studio, wamenitosha. Sasa nataka lensi ndefu, ya kuvuta. Hapa mjini hakuna wa kumuuliza, vijana wote wanapiga picha kwa simu. Wewe huko kwenye viwanja vya mbio za farasi na bunduki kila wiki umezungukwa na wapiga picha wa magazeti. Waulize: mtu anayetaka kuona kitu kilicho umbali wa mita mia, na akione vizuri, anunue ipi?

Ni kwa ajili ya ndege, wale korongo.

Baba yako,
Bouazza


Meknes, 19 Machi 2022

Baba yangu mpenzi,

Wa alaikumu salaam. Nakubusu mkono, na Mama nambusu kichwa na goti. Mimi mzima, farasi mzima. Nilikaa na bahasha yako zizini muda mrefu kabla ya kuifungua, nikidhani kuna msiba. Nilipoona ni lensi nikacheka peke yangu, farasi akageuka kunitazama.

Tangu mwaka jana mimi ndiye mkadamu wa sorba yetu, kiongozi wa safu. Tuko wanawake kumi na mmoja, farasi kumi na mmoja, na ikienda sawa bunduki zote zinatoa mlio mmoja. Sijui kama Mama alikwambia.

Nimemuuliza Tibari, mpiga picha aliyezeekea viwanjani. Kasema hivi: "Mwambie mzee achukue ile ya milimita sabini mpaka mia mbili, yenye tundu kubwa la mwanga. Mbio za mwisho hupigwa jua likizama, na moshi juu yake. Ile ya mia sita ni nzito, halafu jioni ni kipofu." Nikamwambia ni kwa korongo, mita mia. Akacheka mpaka akakohoa. "Korongo gani wa mita mia Azemmour? Wale wanalala juu ya ukuta wa mji, ukinyoosha ufagio unawagusa."

Mimi nikamshukuru, Baba, nikaenda kumlisha farasi.

Mwezi wa Mei tutakimbia kwenye tamasha la Sidi Brahim, hapo hapo nje ya mji wenu. Wapiga picha husimama penye kamba mwisho wa uwanja, mita thelathini tu kutoka pale tunaposimamisha farasi na kufyatua. Ukiwa penye kamba, lensi ya sabini inatubeba sote. Nafasi yako nitaiomba mimi mwenyewe.

Binti yako,
Ghizlane


Azemmour, 10 Aprili 2022

Ghizlane,

Salamu zako zimefika. Busu la mkono nimelipokea. La goti, mama yako anasema halikufika vizuri, ulilete mwenyewe.

Nimenunua ile ndefu, ya mia na hamsini mpaka mia sita, mtumba, huko Casablanca. Na huyo Tibari wako mwambie mimi nilikuwa nikiosha filamu gizani yeye akinyonya. Lensi yenyewe ni kama mguu wa meza. Nikiishika mkononi shingo inaniuma mpaka kesho yake, kwa hiyo nimeitafutia stendi ya miguu mitatu. Mama yako anasema nimemletea mtoto mwingine nyumbani, na huyu halali chini.

Siku ya kwanza niliijaribu juu ya paa, darini petu. Sikukaa sana, mke wa jirani akapiga kelele, kumbe ana nguo zake kambani. Unajua dari za huku ni za wanawake. Mama yako akapanda, akaninyang'anya, akaniuliza kama nataka kuzikwa na aibu uzeeni. Basi nimezungumza na Haji Lekbir, yule wa kinu cha zeituni. Dari yake iko peke yake nje ya mji na haitazami nyumba ya mtu. Amekubali, kwa sharti la kumpiga picha na kinu chake.

Nina maswali mawili, nauliza tu. Mkadamu hukaa wapi katika safu, katikati au pembeni? Na alasiri jua hukupigeni upande gani? Korongo nao wana upande wao wa mwanga.

Baba yako


Meknes, 20 Aprili 2022

Baba,

Sote wazima, natumai nanyi vivyo hivyo. Mkadamu hukaa katikati. Jua litatupiga kutoka kulia.

Wasalimie korongo.

Binti yako


Azemmour, 30 Mei 2022

Ghizlane,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti limepoa kidogo.

Nakuletea picha. Usiulize imepigwa wapi. Angalia kilemba, nyuzi zinahesabika. Angalia jicho. Moshi bado haujatoka vizuri mdomoni mwa bunduki, na jicho liko wazi. Kwa miaka yangu yote sijapata kupiga uso kama huu, na nimepiga nyuso za mji mzima.

Mama yako aliibusu nakala yetu mpaka ikashika mafuta. Imebidi nichapishe nyingine.

Baba yako


Meknes, 12 Juni 2022

Baba yangu,

Amani iwe nanyi nyumbani. Mimi mzima wa mwili.

Picha nimeililia. Sikujua kwamba nikifyatua uso wangu unakuwa hivi, sawasawa na wako unapofunga jicho moja nyuma ya kamera. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa.

Lakini siwezi kuitundika. Wanawake wangu waliiona wakasema mashallah, kisha Yamna, mkubwa wetu, akauliza: "Sisi wengine siku hiyo tulikuwa wapi?" Wewe ni mtu wa Doukkala, nchi ya farasi, unajua kuliko mimi. Mkadamu hapigwi picha peke yake. Sorba ni safu. Ukimtoa mmoja ukawaacha kumi, kumi umewatukana, na yule mmoja umemfanya mwenye majivuno. Na usiniambie ni kosa la lensi. Tibari anasema kutoka pale ulipokuwa, ukiirudisha mpaka mwanzo wake inatubeba sote, na nafasi inabaki. Ulivuta mwenyewe mpaka mwisho.

Na pale ulipokuwa napajua. Picha inatutazama kutoka juu, na upande ule dari ni moja tu. Nikampigia Mama, nikambana, akasema yote. Kwamba siku niliyoondoka ulishika mkate mezani ukaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa mguu wako hautakanyaga uwanja wowote ambamo mimi nimepanda na bunduki. Miaka mitatu nimedhani hunitaki. Kumbe mwenzangu unapima umbali wa dari.

Najua pia sababu yake. Ami Miloud na jicho alilolipoteza. Ile bunduki iliyompasukia ilikuwa ya kuazima, haikukaguliwa na mtu, na wewe ndiye uliyembeba kutoka uwanjani. Zetu nazikagua mimi kila asubuhi, moja moja, na yenye ufa haipandi farasi. Ningekwambia haya zamani kama ungeshika simu.

Sasa nisikilize. Kiapo kina kafara. Ni kulisha maskini kumi chakula kile kile mnachokula nyumbani, basi. Kuskusi ya Mama ya Ijumaa moja, na ni rahisi kuliko lensi yoyote ya Casablanca. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Baba. Nakutaka penye kamba. Nakwambia waziwazi kwa sababu mafumbo tumekaa nayo miaka mitatu na hayakutufaa kitu. Kila nikisimama juu ya vikuku vya farasi na kuinua bunduki, macho yangu yanakutafuta pale chini, na kila mara namkuta Tibari.

Agosti tunarudi hapo hapo Sidi Brahim, kwa mashindano ya mkoa.

Binti yako,
Ghizlane


Meknes, 25 Julai 2022

Baba,

Natumai afya ni njema. Hujajibu. Mama anasema unakula, unasali, unatoka kwenda mtoni na kurudi, ila umenuna na huambiliki.

Kama nimevuka mpaka nisamehe. Lakini nililolisema silirudishi, na ukaidi huo sikuuokota njiani. Tunakimbia tarehe kumi na tatu Agosti, alasiri. Penye kamba kuna nafasi kwa jina lako, Tibari amekubali kusogea. Asiyekuwepo na lake halipo.

Binti yako


Azemmour, 21 Agosti 2022

Binti yangu Ghizlane,

Amani na rehema zikufikie huko uliko, wewe na wenzako wote kumi. Sisi wazima. Siku ile hatukusema mengi, watu walikuwa wengi na mimi koo limejaa moshi. Kwa hiyo naandika.

Barua yako ya Juni ilinikasirisha. Nilikuuliza lensi, sikukuuliza fatwa. Nikaenda kwa fakihi wa msikiti wetu ili aniambie umekosea. Akasema umepatia, tena akaniuliza mtu mzima anawezaje kukaa na kiapo cha kumkimbia mwanawe miaka mitatu, ilhali mke wake anapika kuskusi kila Ijumaa. Nikarudi nimenuna zaidi. Mama yako akaniacha ninune, akasema nikichoka nitamwambia.

Si kiapo kilichonizuia, mwanangu. Niliogopa. Kule darini, nilikuwa nikijiambia, bunduki ikikupasukia nitaona picha. Penye kamba ningekuona wewe. Miloud nilimbeba mikononi, na mpaka leo nikisikia baruti nasikia na uzito wake. Jicho langu likiwa kwenye ile lensi ndefu, nilikuwa nakuona kuliko mtu yeyote uwanjani, na hakuna ambaye angeweza kuniita nije nikubebe. Ndiyo maana nilivuta mpaka mwisho. Wenzako waombe radhi kwa ajili yangu, sikuwadharau. Sikuwaona tu.

Kisha ikaja barua yako fupi. Ijumaa iliyofuata mama yako akapika, tukalisha watu kumi mlangoni kwa zawiya ya masufi. Wa kumi na moja akaja bila kuitwa, naye tukampa. Siku ya pili nikapanda gari la Casablanca, nikaibadilisha ile ndefu kwa sabini mpaka mia mbili. Muuzaji akashangaa. Kasema wateja wake wote hutaka ya kwenda mbali zaidi, mimi wa kwanza kurudi. Nikamwambia afunge mzigo, nina safari.

Uliniona nimesimama karibu na Tibari, mtu muungwana kumbe, alinipa maji. Mlipoanza kuja, mtetemo wa ardhi ulinipanda mpaka magotini, nikashika kamba kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine, nikasoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazichanganya. Ukapiga ukelele wako. Mkasimama wote juu ya vikuku. Nikabonyeza, na mlio ukawa mmoja, mmoja kweli, umati wote ukashangilia. Moshi ulipotawanyika nilihesabu vilemba. Kumi na moja. Nikahesabu tena.

Picha hiyo ndiyo niliyoiweka humu ndani. Mko wote, hakuna aliyekatwa hata mkia wa farasi. Yamna mwambie yeye ni wa pili kutoka kushoto, na kafumba macho. Hii itundikeni.

Ipo nyingine, hiyo nimebaki nayo. Ulimwachia mwenzako hatamu ukashuka, ukaanza kuja upande wangu. Mimi bado nimeweka jicho kwenye kamera, sikujua nifanye nini kingine. Nikakufuata nayo. Kwanza nilikuona mzima, kisha kifua na kichwa, kisha uso, na nilipobonyeza ulikuwa umeshanifikia. Lensi hizi za mbali zote zina mpaka wake, hata hii. Kitu kikizidi kuwa karibu haziwezi tena kukishika. Imetoka ukungu mtupu, weusi kidogo, wekundu wa kilemba, basi.

Nimeichapisha kubwa. Mama yako ameitundika sebuleni, ukutani mkabala na mlango. Wageni wanaisogelea, wanainamisha kichwa huku na huku, wanauliza ni nini. Nawaambia ni binti yangu.

Baba yako