Kadi Zako za Kuzungushia Uzi

Igoma, Jumapili jioni

Mama,

Kabla hujauliza: nimekula. Ugali na sato, na mchicha nimeumaliza. Sasa nikupe habari ya kompyuta yako.

Imesoma kadi.

Nianze mwanzo, maana hukupenda habari inayoanzia katikati. Ulipotuacha tulikuwa tumefika nusu ya kuifufua. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye kiti cha plastiki katika kile chumba cha iliyokuwa ofisi ya pamba, mimi nikibadilisha nyaya zilizoliwa na panya. Kila nilipowasha feni za kabati ulifumba macho. "Ya kushoto inakoroma," ulisema. Nikifungua, kweli. Katika ofisi hiyo ndimo ulimotoboa kadi tangu usichana wako, uzito wa pamba ya kila mkulima ukigeuka vitundu, na mashine hiyo kubwa kama makabati matatu ya nguo ikivisoma. Lakini kisoma kadi hakikuwepo. Watu wa vyuma chakavu walikibeba ofisi ilipofungwa. Printa waliiacha kwa sababu ya uzito.

Baada ya msiba, mwenye jengo alinipa muda mpaka mavuno ya mpunga. "Fundi, mimi siweki makumbusho, naweka mchele." Chuo kimoja hapa mjini kilikubali kuichukua wanafunzi wajifunzie, ila kwanza waione ikisoma kadi na kuchapa. Ikishindwa, ingeenda kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Nilitafuta kisoma kadi Igoma yote, nikaenda hadi Magu. Muuza vyuma mmoja alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Dada, hicho kilishakuwa sufuria. Labda umeshakipikia wali." Nilicheka, Mama, halafu njiani nikalia.

Basi nikatengeneza changu. Kompyuta haikioni kisoma kadi, inapata mapigo ya umeme tu kupitia waya. Nikachonga kisanduku cha mninga, nikaweka taa ndogo juu, na chini vijicho vinavyohisi mwanga ukipita kwenye vitundu. Saketi ndogo inageuza mwanga huo kuwa mapigo yale yale ya zamani. Nikamwita Mzee Petro, yule fundi wenu wa ofisini, aje aone. Alikizunguka, mikono nyuma. "Mwanangu, hii siyo yenyewe tena. Umeiwekea mguu wa mti."

Yeye ndiye aliyeijua mashine ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Shajara yangu ya siku hiyo ina neno moja: Nimefunga. Nilirudi kwenye kutengeneza redio za watu, na ufunguo wa chumba nikauweka ndani ya kopo lako la cherehani.

Halafu mke wa kaka akajifungua mtoto wa kike. Tumempa jina lako, Kabula. Mama mdogo Minza alikuja kutoka Magu, akavua viatu mlangoni, akakiinamia kile kitoto: "Shikamoo, dada." Akakaa. "Haya, kile kitenge changu ulichoazima, umekileta?" Mtoto akapiga mwayo. Mama mdogo akatugeukia: "Mnaona? Hajabadilika hata kidogo."

Tulicheka mpaka kaka akatoka nje kufuta macho. Wote pale tulikuzika, Mama. Hakuna aliyedhani kuwa hukufa, na hakuna aliyesema mtoto yule ni wa bandia. Nafasi yako ilikuwa wazi, akawekwa mtu wa kuitikia ukiitwa. Nikakikumbuka kisanduku changu, nikaenda kwenye kopo la cherehani kuchukua ufunguo.

Humo nikaziona kadi zako. Zile ulizokosea, ambazo ofisi iliwaruhusu mwende nazo nyumbani, nawe ukazizungushia uzi. Nikaufungua uzi polepole, nikaenda nazo. Kadi ya kwanza ikakwama. Zilikuwa zimepinda na kunywa unyevu wa ziwa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Kadi ni kama kuni za masika, usiziamini mpaka zipate joto." Nikazipanga chini ya balbu, nikaziwekea ubao juu, nikasubiri.

Watu wa chuo walikuja, na mwenye jengo. Mzee Petro naye alikuja bila kuitwa, akasimama karibu na mlango. Nikaingiza kadi. Kimya. Halafu printa ikagonga kwa kishindo, mwenye jengo akaruka nyuma. Mstari mmoja: jina la mkulima, kijiji, na uzito wa pamba ambao hata ekari za Magu nzima zisingeweza kuutoa.

Watu wa chuo wakatazamana. Walidhani kisanduku changu kimesoma vibaya. Lakini Mzee Petro alikuwa ameshaisogelea karatasi, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. "Kabula huyo," alisema. "Aliwatajirisha wakulima kila Ijumaa jioni, kichwa kikiwa kimeshafika nyumbani." Akaweka kiganja juu ya kisanduku cha mninga, akakiacha hapo. "Ni yenyewe, mwanangu."

Inahamia chuoni wiki hii. Mzee Petro atapanda gari pamoja nayo, hataki kusikia lingine.

Ninakuahidi mambo mawili. Juu ya kisanduku nitaandika wazi kwamba si cha asili, na kwamba kinashika nafasi ya kile kilichobebwa. Na Kabula mdogo akifikia kushika kadi bila kuila, nitampeleka aitie mwenyewe.

Pumzika, Mama. Feni ya kushoto haikoromi tena. Mlango nimefunga, na ile balbu ya kadi nimeizima.

Mwanao