Salamu za Makofi

Misheni, Choma
Machi 1965

Dada yangu Choolwe,

Kitambaa ulichonitumia kimefika. Mahindi yamekomaa. Daktari mzungu amerudi kwao, na zahanati ya wakoma nimeachiwa peke yangu. Kila Jumamosi nawaleta vijana wa kanisa wawaimbie wagonjwa. Wakisitasita mlangoni nawakaripia: "Wapeni mikono! Ukoma ni ugonjwa wenye dawa, si laana."

Jumatatu niliipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu. Sikusikia moto. Malengelenge niliyaona baadaye, nikajifungia ndani, nikameza vidonge vya wagonjwa wangu. Sijamwambia mtu ila wewe.

Tangu siku hiyo simpi mtu mkono. Napiga magoti, nasalimia kwa makofi kama bibi alivyotufundisha. Jana Hamoonga, yule mtani wa kwaya, alipaza sauti, "Sista, umeacha uzungu wa kupeana mikono! Kweli uhuru umekuingia!" Wenzake wakanipigia makofi kwa furaha, nami nikacheka nao.

Kisha wakaingia wodini, wakawapa wagonjwa mikono mmoja mmoja, kama nilivyowafundisha. Mimi nikabaki mlangoni, nimepiga magoti.

Mdogo wako,
Mutinta