Karatasi za Aiskrimu za Kache

Mombasa
10 Machi 2024

Dada Mapenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa kivulini. Mimi ni mzima, ila mikono. Kila alasiri nabeba mabonge ya barafu kutoka Makadara, nayavunja kwa nyundo, nayapanga kwenye makasha, kisha nasukuma mkokoteni wa aiskrimu hadi bustani ya Mama Ngina, ufukweni. Vidole havisikii tena moto wala baridi. Ndiyo maana mwandiko wangu uko hivi, usiseme ni shule niliyoikatiza peke yake.

Tajiri yangu ni Taizoon, Mhindi wa mtaa wa Kuze. Bintiye Fiza huchora karatasi za watoto: koni, vikombe, malai ya kijiti, vyote mistari mitupu. Mtoto akingoja aiskrimu hupewa karatasi na krayoni apake rangi, asije akalia wazazi wakaondoka. Nimemwomba Fiza karatasi chache na vipande vya krayoni. Chonga wa dukani amekuja Makadara kununua bidhaa, atakuletea akirudi Bamba. Mpe Kache apake, kisha unirudishie.

Dada, Everlyne alipomwacha mwanetu akaenda zake, nami nikaja huku kutafuta kazi, Kache alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa yuko shule na sura yake siijui. Kila sikukuu naambiwa ndiyo wakati wa biashara, siruhusiwi kusafiri. Ninachotaka ni kimoja tu: likizo ya Agosti umlete hapa anijue, kabla hajazoea kukosa baba.

Ndugu yako,
Dzoro


Bamba
3 Aprili 2024

Ndugu yangu Dzoro,

Mzigo umefika, nasi tunapumua. Mvua ndiyo bado, mbuzi wameanza kutafuna hata kamba tunazowafungia. Hiyo mikono ipake mafuta ya nazi, wala usinijibu kwamba huna.

Kache alizitandaza karatasi sakafuni akaanza kunihoji.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Aiskrimu. Chakula cha baridi."

"Baridi kama ugali wa jana?"

"Zaidi ya huo."

"Sasa kwa nini baba hawapashii moto watu wake?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akazipaka koni zote kijani, akazichorea na miguu. Nikamwambia aiskrimu hupakwa rangi ya waridi. Akanitazama: "Wewe umewahi kula?" Nami sijawahi. Nikamuuliza miguu ni ya nini. Akasema, "Zije huku."

Agosti nitamleta, Mungu akipenda.

Dada yako,
Mapenzi


Mombasa
28 Aprili 2024

Dada Mapenzi,

Natumai hujambo na mwanangu hajambo. Mimi leo hata mgongo hauniumi.

Fiza aliibandika karatasi moja ya Kache ubavuni mwa mkokoteni. Jioni ileile mtoto mmoja akakataa katakata kununua kitu kingine. "Nataka ile ya kijani yenye miguu!" Mamake anambembeleza, yeye analia. Fiza akamwambia, "Hiyo imekimbia, mwanangu. Imekwenda Bamba." Watu wakacheka. Nami nikasema kwa sauti, wasikie wote, "Huyo aliyepaka ni binti yangu." Sijui mara ya mwisho niliyatamka lini maneno hayo.

Nimehamia chumba chenye dirisha. Nakuletea karatasi nyingine. Agosti usinibadilikie.

Baba Kache


Bamba
9 Juni 2024

Ndugu yangu,

Salamu. Sote wazima. Simu ilitumbukia kwenye sufuria ya uji, kwa hiyo usipige. Hizi Kache amezipaka. Siku hizi ametulia sana. Chonga ana haraka, yuko mlangoni ananingoja.

Dada yako,
Mapenzi


Mombasa
30 Juni 2024

Dada,

Hujambo? Barua yako ilikuwa fupi, nikadhani ukurasa mwingine umebaki kwa Chonga. Nilimuuliza habari za Kache, akasema wote wazima, akageuka kukaza kamba za mizigo.

Karatasi nimezipata. Juu rangi ya waridi, koni ya kahawia, hakuna mstari uliovukwa. Ni mwalimu gani huyo? Fiza alizigeuza-geuza akasema, "Dzoro bhai, huyu wa kwenu ana subira kunishinda mimi niliyezichora." Nikacheka. Baadaye sikucheka. Mimi zile za kwanza nilizipenda zaidi, lakini usimwambie asije akavunjika moyo.

Kuna mtu hapa Makadara anauza viatu vizuri vya watoto. Nataka akishuka Agosti avikute. Mwekee Kache mguu juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, uniletee kipimo. Mguu mmoja unatosha.

Baba Kache


Bamba
25 Julai 2024

Dzoro,

Safari hii sikuulizi hali, kwa sababu mimi ndiye nitakayeiharibu.

Jana nilimwita mtoto wa jirani, nikamsimamisha juu ya karatasi. Akasimama wima, mtiifu, akidhani ni mchezo. Nikaushika ule mguu na kalamu ikanishinda. Zile rangi za mwezi uliopita niliweza kuzipaka mwenyewe kwa jina lake. Mguu wa mtoto wa watu kukuletea wewe ununulie viatu, sikuweza.

Kache hayuko. Everlyne alikuja mwezi wa Mei na mume wake. Amesilimu, ameolewa huko huko Mombasa. Alivaa buibui na ninja, macho tu nje. Mimi niliyempikia miaka ile sikumjua mpaka alipofungua mdomo. Nikamwambia mtoto ni wa Dzoro. Akaita wazee, akawauliza mbele yangu, "Nani wa kwenu alifika kwetu kuniposa? Nani aliketi na baba yangu?" Wazee wakatazama chini. Mila unaijua kama mimi: mwanamke asiyeposwa, mtoto ni wa kwao. Everlyne akaondoka naye.

Hakusema wanakaa mtaa gani wala hakuacha namba ya simu. Jina pia wamembadilisha, sasa anaitwa Ummukulthum.

Kuna jambo nilitaka nife nalo, lakini heri ulijue. Mtoto hakulia. Alisikia neno Mombasa akakimbia kuvaa gauni lake. Alidhani analetwa kwako.

Nilikuficha kwa sababu Everlyne alipokuacha ulilala bila kula mpaka tukakuinua kwa mikono. Huko nani atakuinua? Chonga nilimwapisha mimi, usimlaumu. Nikasema acha afanye kazi yake kwa amani mpaka Agosti, huenda Mungu akafanya jambo. Hakufanya.

Dada yako,
Mapenzi


Mombasa
17 Novemba 2024

Dada Mapenzi,

Najua umengoja. Sina hasira nawe. Barua yako niliisoma Makadara, nikaikunja, nikabeba barafu, kwa sababu barafu haimngoji mtu amalize kulia.

Siku zangu za kupumzika nimezimaliza Kisauni na Likoni. Ninaulizia nini? Mwanamke ambaye uso wake umefunikwa na jina lake jipya silijui, na mtoto ambaye sijui yukoje. Chifu mmoja aliniuliza, "Mlioana?" Nikasema hapana. "Cheti cha mtoto kina jina lako?" Nikasema hapana. Akaniuliza bila ubaya wowote, "Sasa wewe ni nani wake?"

Hapa Mama Ngina kina mama wa ninja huja kila jioni na mabinti zao. Wanakaa, mimi nawapelekea karatasi na krayoni. Mtoto anapaka, anakula, anaondoka. Huenda amekwisha kuja, dada. Huenda nimemwambia "shika vizuri isidondoke," akasema "ahsante, ami," akaenda zake. Nilianza kuwaomba watoto waandike majina chini ya karatasi. Fiza alinisifu, akadhani ni maarifa ya biashara. Lakini mjini humu akina Ummukulthum ni wengi mno.

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa umri wake aliandika jina hilo. Niliinama nikamuuliza, "Mamako aliwahi kukaa Bamba?" Baba yake akasimama.

"We bwana! Mambo ya mamake yakuhusu nini?"

"Samahani, mzee."

"Uza aiskrimu yako."

Yule mtoto alinitazama tu. Nami nilimtazama nikitafuta pua yangu, nikitafuta macho yako, na sikuona kitu ambacho ningeweza kuapa kwacho. Taizoon alinivuta pembeni, akaniambia nikirudia kuwauliza watoto maswali nitafute kazi kwingine. Ana haki. Ningekuwa mimi na binti yangu, muuzaji wa hivyo ningemfukuza siku ileile.

Kwa hiyo siulizi tena. Mtoto wa kike akija namwekea karatasi na krayoni mbele yake, kisha natazama upande mwingine mpaka aondoke.

Ndugu yako,
Dzoro