Shafti Yenye Matundu

Shikamoo Shangazi. Pole na kutwanga.

Shafti, ule mhimili unaozungusha mashine yetu ya kusaga, ilikuwa tayari jana, kwa fundi wa Gerezani, hapa nyuma ya Kariakoo. Palipolika amepajaza chuma kwa kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, akapasugua pakang'aa. Vijiti vyake vya kuchomelea nilivikuta vimelowa mvua, nikamuuliza kama vilivyolowa vinashika.

"Vya Ulaya hivyo, bwana. Siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia," akajibu huku akichana nywele.

Nilipoibeba ikaniponyoka. Ilipogonga sakafu, chuma alichojaza kikabanduka, na ndani kilikuwa na matundu tele kama kitumbua. Nikamwonyesha kazi ya vijiti vyake vilivyolowa.

"Kwani unasagia ndani? Nje si inang'aa?"

Sijapata kuona mtu mzima akisema upuuzi kwa utulivu namna ile. Nami nilikuwa nakufikiria wewe, umesimama kando ya mashine, chuma hicho kikifyatuka. Akasema atayaziba matundu kwa juu, bure. Nikabeba shafti yangu nikaondoka.

Kesho natafuta fundi mwingine Buguruni. Nikikosa narudi nyumbani, na mchi mmoja niwekee mimi.

Nakupenda sana.
Mwanao, Saidi