Hujatangazwa Bado, Barasa

Rafiki yangu Barasa,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba simu imeiua redio. Haijaiua. Redio imehamia ndani ya simu, na kwenye nyumba ya zamani haikuacha mtu wa kuwaelekeza wageni. Hapo ungenikatiza, kama ulivyonikatiza miaka yote niliyokuwa mhariri wako nawe msomaji wa matangazo ya vifo: "Mzee, fupisha. Marehemu anangoja." Sasa marehemu ni wewe, na mimi kufupisha kumenishinda.

Ulipokuwa umelazwa tulikuficha jambo moja. Stesheni iliondoa matangazo ya vifo hewani. Siku hizi picha ya marehemu huwekwa kwenye ukurasa wa stesheni mtandaoni, mshumaa pembeni, watu wakaandika pole chini yake. Saa yako, saa moja jioni, wamepewa vijana wawili wanaocheka na kusoma yale wasikilizaji wanayoandika kwenye simu. Nimewasikiliza kwa makini. Wakati mwingine nacheka pia, halafu sijui nimecheka nini.

Nawe uliwekwa huko. Picha ni ile ya harusi ya binti yako, umevaa tai yangu ambayo hukunirudishia. Kaka yako aliye Qatar alijua kabla ya majirani zako. Aliandika maneno ya kuliza, na siku ya mazishi alitazama kila kitu kwenye simu akiwa kule kule, mpaka jeneza likashuka. Zamani zetu tungempata vipi? Kwa hiyo siwezi kusema ukurasa ni mbaya. Ningesema hivyo, ningekuwa na amani. Sina.

Kwa sababu mama yako bado anangoja. Sisi wazee tulienda kijijini kwako Kiplombe kumpa habari kwa desturi: tuliketi, tukaomba maji, ndipo tukasema. Alilia. Alikuzika, akatupa udongo kwa mkono wake. Lakini kila jioni anawasha ile redio yake yenye antena iliyofungwa waya, anainamisha sikio. Nilipomuuliza anangoja nini, alinitazama kama mwanafunzi mzito wa kuelewa.

"Nimemzika, Mzee, lakini hajatangazwa. Alitangaza watu wa kila kijiji. Yeye aliwakosea nini?"

Barasa, anaona aibu. Anaamini ulifanya kosa huko kazini na stesheni ikakunyima jina. Amefunga mlango, wanaokuja kumpa pole anawaambia warudi, mtoto wake hajatangazwa. Nilimweleza habari ya ukurasa. Nilieleza vizuri sana, kama mwalimu. Akaniuliza, "Huo ukurasa unasikika?"

Nikaenda stesheni. Chebet, binti anayesimamia ukurasa, alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti.

"Mzee, hiyo posti ya Barasa ilienda mbali sana. Watu walikomenti mpaka tukashindwa kujibu."

Nikamwambia ilienda mbali, ila Kiplombe haikufika, maana mama mwenyewe ana kale kasimu ka mulika mwizi tu, kasikoingia mtandaoni.

"Sasa tukimsomea yeye, Mzee, na wengine je? Kila mtu ana mama."

Nilikuwa na maelezo. Nikamweleza jinsi watu walivyokuja dirishani kwako na karatasi zao, nawe hukusoma jina lolote kabla ya kuuliza kama mama wa marehemu ameshaambiwa, na nani yuko naye. Kama hakuna, uliwarudisha nyumbani kwanza. Chebet alitazama saa ukutani. Halafu akasema, "Basi soma wewe, leo, kabla ya wale vijana kuanza. Lakini na mimi niandikie kitu cha ukurasa. Watu wanapita tangazo tu, lakini barua wataisoma."

Hii ndiyo barua yenyewe. Nimetoa huzuni yangu kwenye simu ili nipate dakika moja ya redio, na sijui kama nimefanya biashara au nimefanya kazi ya habari. Nilisomea kazi hii, nikaifundisha wengine, na leo siwezi kukuambia habari ni ile iliyosemwa au ni ile iliyomfikia mtu. Wewe ungejua? Labda ungenicheka tu.

Lala, ndugu yangu. Sauti yangu imekauka na haitafanana na yako, lakini naahidi nitalitaja jina lako polepole, na la kijiji chako, na la mama yako, kisha ninyamaze bila kueleza kitu.

Na wewe unayesoma haya kwenye simu: mimi nitakuwa studio, siwezi kuwa mahali pawili. Kama uko karibu na Kiplombe, leo kabla ya saa moja jioni nenda kwa Mama Barasa, uketi naye kando ya redio yake.